Je, wajua kwa nini rameni huliwa mbio mbio na kwa kelele?

Mgeni anayeingia kwa mara ya kwanza katika mgahawa mdogo wa rameni, zile tambi za Kijapani zinazoliwa ndani ya supu ya moto, mjini Tokyo hukutana na maajabu mlangoni tu. Kuna mashine yenye vitufe vingi, na asipoilipa hakuna atakayemhudumia. Ndani kuna kaunta yenye viti vinane au kumi vilivyobanana, na wateja walioinamia mabakuli bila kusemezana. Kelele iliyopo ni ya kufyonza: tambi zinavutwa mdomoni kwa mlio ambao kwetu ungemfanya bibi akuulize umelelewa wapi. Mtu akimaliza anainua bakuli lake, analiweka kwenye ukingo wa juu wa kaunta, anasema "gochisosama" kumshukuru mpishi, anatoka. Dakika kumi, kumi na tano hivi. Kiti hakijapoa, mwingine keshakaa.

Wengi huishia kusema kwamba Wajapani wana haraka zao. Jibu hilo ni jepesi mno. Wajapani hao hao, jioni wakiingia kwenye baa zao za izakaya, hukaa saa mbili tatu wakiagiza sahani moja moja na kupiga soga. Haraka ya rameni haitoki kwa watu. Inatoka ndani ya bakuli, kwa sababu tangu tambi ziguse supu, chakula kimeanza kuharibika.

Ndugu wa magadi

Tambi za rameni hutengenezwa kwa unga wa ngano, maji, chumvi na kitu cha nne kinachozitenga na tambi nyingine za Japani kama udon na soba. Kinaitwa kansui. Ni chumvi za alkali, hasa kaboneti ya sodiamu na kaboneti ya potasiamu, zinazoyeyushwa kwenye maji ya kukandia unga.

Msomaji wa Afrika Mashariki hana haja ya kwenda mbali kuielewa. Kansui ni ndugu wa karibu wa magadi, haya haya yanayochimbwa Ziwa Magadi kule Kenya na yaliyojaa Ziwa Natron upande wa Tanzania. Nayo ni kaboneti na bikaboneti ya sodiamu. Tofauti ni kazi yanayopewa. Sisi tunayatia kwenye maharage yalainike upesi, kwa kuwa alkali hulegeza pektini inayoshikanisha seli za punje. Kwenye kinyunga cha ngano alkali hufanya kinyume chake: huikaza gluteni, ile protini inayovutika, mpaka tambi inakuwa na mdundo na kuyasukuma meno. Hubadilisha pia rangi ya kemikali fulani za asili zilizomo ndani ya unga wenyewe, zikawa za manjano. Ndiyo maana tambi za rameni zina umanjano hata pale ambapo halikuvunjwa yai hata moja.

Sasa tambi hizo zinapotoka kwenye maji yanayochemka, nje na ndani hazijaiva sawasawa, na mpishi ndivyo anavyotaka. Nje zimekunywa maji mengi na kulainika. Kiini bado kina maji machache na kinakataa kusagika kirahisi. Raha ya kutafuna rameni iko kwenye tofauti hiyo, na tofauti hiyo haidumu. Ndani ya supu ya moto maji yanaendelea kusafiri kuelekea kiini, wanga unazidi kuvimba, na baada ya dakika chache nje na ndani vimelingana. Tambi inanenepa, inalegea, mdundo umekwisha. Supu nayo imepungua, na imekuwa nzito kwa wanga uliotoka. Ukiliacha bakuli ukaanza kupiga picha na kujibu ujumbe kwenye simu, utakachokula si kile alichokupikia mpishi.

Mtazame mpishi akiwa kazini, kwani kaunta huwekwa mbele ya jiko na kila kitu kiko wazi. Tambi zikiwa bado zinachemka ndani ya chujio refu la waya, bakuli limeshapashwa kwa maji ya moto. Anayamwaga, kisha anatia upawa mdogo wa tare, yaani kiungo kizito chenye chumvi kinachoamua hii itakuwa rameni ya aina gani: ya chumvi tupu, ya mchuzi wa soya au ya miso, yaani rojo la soya iliyochachushwa. Anaongeza mafuta kidogo yenye harufu, pengine yaliyokaangiwa vitunguu au kuyeyushwa kutoka ngozi ya kuku. Halafu supu, ambayo imechemka na mifupa kwa saa nyingi na kwa kawaida yenyewe haina chumvi. Hapo ndipo chujio linanyanyuliwa na kukung'utwa kwa nguvu, mara mbili, mara tatu, matone yakaruka hadi sakafuni, maana maji ya kuchemshia yakibaki yataizimua supu. Tambi zinamiminwa, zinainuliwa kwa vijiti na kulazwa zote upande mmoja. Juu yake kinawekwa kipande cha nyama, nusu yai lililolowekwa kwenye soya na kiini chake bado ni teketeke, machipukizi ya mianzi, majani ya vitunguu, karatasi ya mwani. Bakuli linavuka kaunta. Tangu chujio lilipotoka majini hadi hapo ni suala la sekunde, na hakuna mhudumu wa katikati wa kulichelewesha.

Ukishayaona hayo, kukaa na bakuli nusu saa kunaanza kuonekana kama utovu wa adabu, au tuseme ubadhirifu.

Kelele ina kazi mbili

Supu inaletwa ikiwa ya moto sana na tambi hazisubiri ipoe. Utafanyaje? Wazee wanaokunywa kahawa chungu barazani Mombasa au Unguja wanalo jibu: kikombe kinavutwa kwa sauti, kwa sababu hewa inayoingia pamoja na kahawa inaipoza njiani. Mla rameni anafanya hivyo hivyo. Anainamisha kichwa karibu na bakuli, anakamata tambi chache kwa vijiti, anazivuta kwa mkupuo pamoja na hewa, zinafika kwenye ulimi zikiwa zimepungua ukali wa moto.

Kazi ya pili ni ya pua. Sehemu kubwa ya kile tunachokiita ladha ni harufu inayopanda puani kupitia nyuma ya koo, na hewa inayovutwa pamoja na tambi inaibeba harufu ya supu na yale mafuta hadi huko. Kula kimya kimya, kwa kuzungusha tambi kwenye uma, kunawezekana, ila unapata chumvi zaidi kuliko harufu. Mazoea yenyewe yana umri mkubwa kuliko rameni. Yalirithiwa kutoka kwa walaji wa soba, tambi za rangi ya kahawia zilizouzwa mitaani tangu Tokyo ikiitwa Edo.

Si kwamba Wajapani wote wanaipenda sauti hiyo, wala hakuna sheria ya kumlazimisha mtu kufyonza. Mwaka 2016 ulizuka ubishi mkubwa katika mitandao ya kijamii ya Japani kuhusu kama mlio huo unawakera wageni. Mwaka uliofuata kampuni ya Nissin, watengenezaji wa tambi za papo kwa papo, ikatangaza uma wa kielektroniki wenye maikrofoni. Uma ukisikia mfyonzo, unatuma ishara kwenye simu, na simu inapiga sauti nyingine ya kuufunika. Bei yake ilitajwa kuwa yen 14,800. Kwa fedha hizo mtu anakula mabakuli kumi na kitu ya rameni, tena kwa kelele anayoitaka mwenyewe.

Tiketi kwanza, kiti baadaye

Turudi mlangoni kwenye ile mashine, ambayo ukiilipa inakupa tiketi ya chakula. Watalii wengi huiona kama mchezo wa teknolojia, kumbe ni jibu la hesabu ngumu. Kwa miaka mingi wenye migahawa ya rameni wamekuwa wakizungumzia "ukuta wa yen elfu moja": mteja wa Kijapani anaiona rameni kuwa chakula cha kawaida, na bei ikivuka yen 1,000 anaanza kununa. Mifupa, gesi, pango na mishahara vinapanda, bakuli halipandi kwa kasi hiyo. Mwenye viti kumi hawezi kuishi kwa kuwauzia watu kumi jioni nzima. Lazima kila kiti kikaliwe mara nyingi.

Basi mashine inaokoa muda kila upande. Mpishi hashiki noti kisha akashika chakula. Hakuna mshahara wa karani. Hakuna mteja anayesubiri bili wala anayehesabu chenji wakati foleni imefika barabarani. Na kubwa kuliko yote, pale unapokabidhi tiketi ndipo tambi zako zinapotoswa majini. Mahali pengine tiketi hukusanywa ukiwa bado kwenye foleni, ili chakula kikukute umekaa tu. Bakshishi haipo. Maji ya kunywa ni ya bure, mara nyingi jagi liko mbele yako na unajimiminia mwenyewe. Mkoba unawekwa chini au kwenye kikapu, kwa sababu pale kaunta nafasi ni ya bakuli na viwiko vyako viwili.

Usipoweza kusoma vitufe, bonyeza kile cha juu kabisa kushoto. Kwa kawaida hapo ndipo mwenye mgahawa anapoweka rameni anayojivunia.

Hata sifa kubwa hazikuiondoa mashine. Tsuta, mgahawa uliokuwa mtaa wa Sugamo mjini Tokyo, ulikuwa wa kwanza wa rameni duniani kupewa nyota ya Michelin, ule mwongozo maarufu wa migahawa, mwishoni mwa mwaka 2015. Ulikuwa na viti tisa, na nyota au bila nyota, mteja alikata tiketi kwenye mashine. Pigo lilikuja upande mwingine: Julai 2024 Japani ilipotoa noti mpya, mashine nyingi za zamani hazikuzitambua, na wenye migahawa wadogo wakajikuta wanatafuta fedha za kununua mashine mpya ili tu waendelee kuuza bakuli la yen mia tisa.

Sokoni Fukuoka

Ukitaka kuona muda ulivyoiumba rameni yenyewe, nenda kusini hadi mji wa Fukuoka, eneo la Nagahama palipo soko kubwa la samaki. Baada ya vita vya pili vya dunia vibanda vya hapo vililisha wachuuzi na wapagazi waliokuwa na dakika chache kati ya mnada mmoja na mwingine. Tambi nene huchukua dakika kadhaa kuiva, na watu hao hawakuwa nazo. Zikatengenezwa nyembamba sana, za kuchemshwa kwa muda usiofika dakika moja.

Ila tambi nyembamba inayoiva upesi hulegea upesi vilevile. Kumjazia mtu bakuli ni kumpa robo ya mwisho ikiwa uji. Ufumbuzi wa Nagahama ulikuwa kupika kiasi kidogo, na mteja akimaliza tambi huku supu imebaki, anaagiza kaedama, yaani fungu jipya la tambi peke yake linalotumbukizwa kwenye supu ile ile kwa yen mia na kitu. Kwa hiyo anayefika huko asifanye kosa la kuinywa supu yote mwanzoni. Anaruhusiwa pia kutaja ugumu anaoutaka, na orodha inaanzia laini, inapita ya kawaida na ngumu, inafika hadi ile wanayoiita "harigane", waya. Wanaoagiza hiyo ya mwisho hupenda kila mtu asikie. Mantiki ipo lakini: tambi iliyoingia bakulini ikiwa ngumu ina safari ndefu zaidi kabla haijalegea.

Fukuoka ndiko ilikotoka pia kampuni ya Ichiran, inayomketisha kila mteja ndani ya kijisehemu chenye mbao kushoto na kulia na pazia mbele. Mhudumu humuoni uso. Mikono inasukuma bakuli, pazia linashuka. Watu huliita jambo hilo upweke. Mimi naliona ni wazo la kaunta lililopelekwa hadi mwisho wake.

Chakula cha bandarini na cha watu wa kazi

Rameni haikuzaliwa Japani peke yake. Tambi za ngano za namna hii zililetwa na Wachina waliofanya kazi katika miji ya bandari kama Yokohama, baada ya Japani kufungua milango kwa biashara ya nje katika karne ya 19. Mwaka 1910 Ozaki Kan'ichi, aliyekuwa afisa wa forodha, alifungua Rairaiken mtaa wa Asakusa, Tokyo, akawaajiri wapishi Wachina kutoka Yokohama, na mgahawa huo ndio unaotajwa sana kuwa mwanzo wa rameni ya mjini. Baada ya mwaka 1945 mchele ulikuwa haba, ngano ya Marekani ikaingia kwa wingi, na mikokoteni ya kuuza tambi ikatapakaa kwenye masoko ya magendo. Toka hapo hiki kimekuwa chakula cha anayetoka kazini au anayerudi kazini. Hata tambi za pakiti tunazozijua huku Afrika Mashariki zina mzizi humo: Momofuku Ando alizibuni Osaka mwaka 1958, akiikimbiza haraka ile ile mpaka jikoni kwa mtu.

Wapo waliotafuta njia ya kuutuliza muda. Kaskazini kabisa, Sapporo, baridi ni kali na supu ingepoa mapema. Huko rameni ya miso hutumia tambi nene zilizojikunja, zinazochelewa kulegea, na juu ya supu hukaa tabaka la mafuta linalozuia joto kutoroka. Moshi hauonekani ukipanda, kwa hiyo mgeni hudhani supu imepoa na kuunguza ulimi. Tokyo, mwaka 1955, mpishi Yamagishi Kazuo alianza kuuza tambi zilizooshwa kwa maji baridi zikiwa kwenye sahani ya peke yake, na supu nzito pembeni ya kuchovya. Chakula hicho, tsukemen, leo kina migahawa yake maalumu, na ndicho ningempendekezea mtu anayekula polepole au aliye na mtoto: tambi zikiwa nje ya supu, saa imesimama.

Kuhusu kuinywa supu hadi chini, hakuna anayekudai. Wapishi hufurahi kuliona bakuli tupu, ila rameni moja pamoja na supu yake yote yaweza kufikisha gramu 5 za chumvi au kuzidi, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima abaki chini ya gramu 5 kwa siku nzima.

Kwa Mwislamu kuna la kuangalia kabla ya kubonyeza kitufe. Nyama inayowekwa juu ni ya nguruwe karibu kila mahali, na tonkotsu, ile supu nyeupe ya Fukuoka, ni mifupa ya nguruwe iliyochemshwa kwa saa nyingi. Kuomba nyama iondolewe hakutoshi. Rameni ya soya au ya chumvi, yenye supu nyepesi inayoonekana ya kuku, mara nyingi imechanganywa mifupa hiyo hiyo, na ndani ya tare mara nyingi mna mirin au sake, pombe za Kijapani za mchele. Swali la kuuliza ni supu imechemshwa na nini na tare ina pombe au haina. Njia rahisi zaidi ni kwenda kunakojulikana: Asakusa, mtaa ule ule wa Rairaiken, siku hizi una migahawa ya rameni ya halali inayotumia supu ya kuku. Huko nako tambi ni za kansui na zinavimba kwa mwendo ule ule, kwa hiyo anayetaka kuswali aswali kwanza, kisha ndipo aagize.